Maswali yenu ya rauta: unaingiaje, uguse nini, uache nini

Wiki hii maswali karibu yote yamekuja ya rauta, nimeyafupisha kidogo nikayapanga, twende.

Naandika 192.168.1.1 kwenye simu, naletewa majibu ya Google au inazunguka tu mpaka basi. Rauta imekufa? (Kahama)

Haijafa. Hiyo namba sio ya tovuti ya huko nje, ni anwani ya kuingilia setingi za rauta yenyewe hapo sebuleni kwako, na haihitaji hata bando kufunguka. Shida ni kwamba simu ikiona waifai haina intaneti inahamia kimyakimya kwenye data ya laini, afu inaenda kuitafuta hiyo namba huko nje ambako haipo. Zima data, baki na waifai peke yake, andika http:// mbele ya namba uone.

Ila pia sio kila rauta ni 1.1. Vile vya kuweka laini vya Huawei vingi ni 192.168.8.1, TP-Link nyingi ni 192.168.0.1 na za faiba za Huawei mara nyingi 192.168.100.1. Igeuze chini usome stika. Kama stika imebanduka, ingia setingi za waifai kwenye simu, gusa jina la mtandao wako, shuka mpaka palipoandikwa Gateway au Router, hiyo ndo yenyewe.

Brauza inaniambia ukurasa wa rauta sio salama. Niendelee?

Endelea, ilimradi uko kwenye waifai ya kwako na namba ni ya rauta yako. Rauta nyingi hazitumii https, na zinazotumia zinajitengenezea cheti (kitambulisho cha usalama) zenyewe, kwa hiyo brauza lazima ilalamike. Ila huo ukurasa usiufungue kwenye waifai ya hotelini ukaanza kujaza paswedi, huko ni kwa watu.

Paswedi ya waifai naijua vizuri, naiweka kwenye ule ukurasa inakataa. Fundi aliyefunga hapokei simu. Nibonyeze riseti? (Mbagala)

Subiri kwanza bana, usibonyeze! Hizo ni paswedi mbili tofauti, moja ya kujiunga na waifai na nyingine ya kuingia kwenye setingi. Hiyo ya pili iko kwenye stika, na zile za zamani utakuta ni admin na admin, kwa sababu mafundi wengi wakishaona intaneti inawaka wanabeba ngazi yao wanaondoka bila kubadilisha kitu, tabia ambayo kwangu mimi ni sawa na kufunga mlango ukaacha ufunguo kitasani.

Sasa kwa nini nakuzuia. Kama ni faiba, kuna uwezekano ndani ya rauta kumewekwa jina na paswedi ya akaunti yako kwa kampuni, ile wanaita PPPoE. Ukiriseti vyote vinafutika, waifai itawaka na jina la kiwandani lakini intaneti hamna, na hapo ndo utaanza kuambiwa "fundi anakuja kesho" wiki nzima. Kwa hiyo piga kwanza kwa waliokuunganisha, waombe hizo taarifa uziandike pembeni, zikishakuwa mkononi ndo uchukue pini ushikilie kile kitundu cha riseti kama sekunde 10 mpaka taa zote zizime ziwake. Rauta ya laini haina presha hiyo, ukishairiseti mara nyingi APN (setingi za kuunganisha laini na intaneti) inajijaza yenyewe kutoka kwenye simkadi.

Ukifanikiwa kuingia tafuta mahali pa Backup upakue lile faili la setingi, au piga picha ukurasa wa WAN (upande intaneti inakoingilia) kwa simu.

Nina rauta ya zamani, nataka iende chumba cha uani. Nimevuta kebo kutoka kwenye mpya, sasa nyumba nzima intaneti inakuja na kupotea.

Hapo zote mbili zinagawa anwani, na inawezekana zote zinajiita 192.168.1.1, simu zako hazijui zimfuate nani. Chomoa kebo ya kwenda kwenye ile mpya, unganisha laptopu na ya zamani peke yake. Anza na ukurasa wa LAN (mtandao wa ndani ya nyumba), badilisha anwani iwe 192.168.1.2 (kama mpya ni 192.168.0.1 basi weka 192.168.0.2, hizo namba tatu za mbele lazima zifanane). Ukisevu ukurasa utapotea, usishtuke, ingia tena kwa namba mpya. Ndo sasa uzime DHCP, ile inayogawa anwani. Wengi wanaanza na DHCP, laptopu inakosa anwani, wanabaki nje wanagonga mlango.

Baada ya hapo rudisha kebo, lakini iingie kwenye tundu la LAN huku na huku, lile moja la WAN lenye rangi ya peke yake kwenye rauta ya zamani liache wazi. Jina na paswedi za waifai unaweza kufananisha na ile kubwa. Kwenye 2.4GHz (masafa ya waifai yanayofika mbali zaidi) moja iweke chaneli 1 nyingine 11 zisipigiane kelele. Na kama kwenye menyu yako kuna Access Point Mode, chagua hiyo tu, inakufanyia karibu yote haya.

Jirani nimemblok mara nyingi, anarudi na jina jipya.

Simu za siku hizi, Android 10 na iOS 14 kwenda mbele, zinaficha MAC halisi (namba ya utambulisho ambayo rauta inaitumia kumblok), kwa hiyo akibadilisha setingi moja tu rauta inamuona mgeni. Acha kumkimbiza. Badilisha paswedi, weka ulinzi wa WPA2 ya AES au WPA3, zima WPS (ile ya kujiunga kwa kitufe au PIN). Afu chunguza watoto wako, maana wanaomgawia ndo haohao kwa kumuonyesha ile QR ya kwenye simu. Wageni wafungulie Guest Network.

Chumbani 5GHz (yale masafa ya kasi) haishiki kabisa, nyumba ya zamani Mji wa Kale. (Mombasa)

Na zile kuta za mawe, haiwezi. Tumia 2.4GHz huko, 5GHz iache kwa TV iliyo karibu na rauta.

Inanidai niapdeti ila umeme wetu hauaminiki.

Apdeti, matundu ya usalama yanazibwa hukohuko. Ila umeme ukikatika katikati rauta inaweza kugoma kuwaka kabisa, kwa hiyo ichomeke kwenye UPS au inveta kwanza. Kama unapakua faili mwenyewe, angalia modeli mpaka ile V1 au V2 ya kwenye stika, hazibadilishani. Ikimaliza ingia tena uangalie Remote Management (kuingia setingi za rauta ukiwa mbali na nyumbani), kama imewaka na huitumii, izime.