Zile nyimbo za zamani za RTD zilitoka kwenye tepu

Kaka wa Newala, umeuliza kama nyimbo za zamani za redio zilitoka kwenye santuri: nyingi hazikutoka huko. Zilirekodiwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), bendi nzima ikipiga kwa pamoja, zikahifadhiwa kwenye tepu za riili. Miaka ya 70 hapa nchini hakukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo bendi iliyotaka santuri ilitegemea Nairobi. Ndiyo maana wimbo mmoja una matoleo mawili: santuri ya inchi 7 inabeba dakika chache tu kila upande, wimbo mrefu unakatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Ule wa redio unakwenda moja kwa moja mpaka chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezeka, liishe, na huo ndio mtamu zaidi.

Kuutambua, ongeza sauti kabla ala hazijaanza. Ukisikia kivuli hafifu cha mwanzo wa wimbo, tena bila mikwaruzo ya sindano, hiyo ni tepu. Sumaku ya mzunguko mmoja wa tepu kwenye riili imepenya kwenye mzunguko uliolala juu yake.

Ila kaseti zilizonaswa hewani usiku huku Mtwara na Lindi usizipime hivyo. Kupanda na kuzama kwa sauti ni mawimbi ya redio ya masafa ya kati (MW) yakirudi kutoka angani, tepu haina kosa.

Na swali lako la mtangazaji: ndiyo, marehemu Julius Nyaisanga (Uncle J) alitangaza RTD kabla ya Radio One.