Kiu isiyokatika, na kwa nini huwashika wavulana

SWALI: Mwanangu wa kiume, miaka 3, anakunywa maji usiku kucha, akikosa kikombe anafuata ndoo ya kuogea. Sukari imepimwa, haina tatizo. Kaka yangu alikuwa hivyo hivyo utotoni. Dada zake mtoto hawana neno. Ugonjwa gani huu unaochagua wavulana? – Mama wa watatu, Tanga

JIBU: Mama, huyo mjomba ndiye anayetuonyesha njia. Tatizo likimpata mjomba na pia mpwa, huku mama haumwi, tunashuku jeni ya kwenye kromosomu X (moja ya nyuzi zinazobeba jeni na kuamua jinsia), hapa AVPR2. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi cha vasopresini, homoni inayoiamuru figo irudishe maji mwilini. Kipokezi kikiwa kibovu, amri inatolewa lakini figo haisikii. Huitwa kisukari cha maji, jina linalopotosha, maana sukari haimo kabisa. Kati ya wanaozaliwa na kisukari cha maji kinachotokana na figo, takriban 90% wana hitilafu ya AVPR2.

Mvulana ana X moja tu. Msichana ana mbili, na ile nzima humfidia. Lakini kila seli ya kike huzima X moja. Ikizimwa nzima kwenye seli nyingi za figo, naye huona kiu. Waulize mabinti wanaamka mara ngapi usiku kukojoa. Mama akiwa mbebaji (ana jeni mbovu kwenye X moja), kila mtoto wa kiume ana nafasi 50% ya kuugua, kila binti 50% ya kubeba. Mjomba, kama ni ugonjwa huu, hawapi wanawe wa kiume. Mabinti zake wote hubeba.

Pima hivi: pima nepi kavu kwa mizani ya jikoni, kisha iliyolowa, utoe tofauti. Gramu 1 ni mililita 1. Jumlisha kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 kesho yake. Mtoto wa kilo 14 akifikisha lita 2, ni nyingi mno. Nenda hospitali na hesabu hiyo, waangalie sodiamu (madini ya chumvi) ya damu na ukolevu wa mkojo. Usimnyime maji nyumbani ili kumjaribu. Kipimo hicho ni cha wodini tu.

Akitapika au kuharisha, mwambie daktari mapema kabla ya dripu. Lita 1 ya maji ya chumvi ya 0.9% ina gramu 9 za chumvi, na figo yake huenda ikahitaji lita 3 za mkojo kuitoa. Sodiamu hupanda badala ya kushuka. Kwa kawaida hutumika dekstrozi 5% (dripu ya maji ya sukari), sodiamu ikipimwa mara kwa mara, isishuke ghafla.

Matibabu ni maji bila kikomo, chumvi kidogo (dagaa wa chumvi na vidonge vya mchuzi viachwe), na haidroklorothiazaidi. Ndiyo, ni dawa ya kukojoza, lakini kwa hawa hupunguza mkojo. Hushusha potasiamu, kwa hiyo damu ipimwe.

SWALI: Ni kweli mwanaume ana maji mengi mwilini kuliko mwanamke? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kweli: takriban 60% ya uzito wake, mwanamke 50%. Jeni huchangia kwa kuzunguka: kromosomu Y huleta korodani, korodani testosteroni, testosteroni misuli. Msuli ni maji karibu robo tatu. Mafuta yana maji kidogo sana.