Mzani wa umeme na kipimo cha mikunjo ya ngozi havipimi kitu kimoja

Kwa aliyeuliza kwa nini kijana wa miaka 14 apate asilimia 24 ya mafuta kwenye mzani wa umeme na 18 kwa kipimo cha mikunjo ya ngozi: hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo kinachoyaona mafuta yenyewe. Mzani hupitisha umeme hafifu mwilini, hukadiria kiasi cha maji kutokana na ukinzani unaoupata, kisha hubahatisha mafuta kwa kanuni iliyofichwa ndani yake. Mwili wa kijana anayebalehe, ukiondoa mafuta, una maji mengi kidogo kuliko wa mtu mzima, hivyo kanuni ya watu wazima humpotosha. Na akipimwa akiwa amepungukiwa maji mwilini, ukinzani huongezeka na mafuta huonekana mengi kuliko yalivyo.

Kipimo cha mikunjo, yaani kubana ngozi na kupima unene wa mkunjo wake, hutegemea mno mkono wa mpimaji, lakini kina kanuni za watafiti Slaughter na wenzake za mwaka 1988, zilizotungwa kwa watoto na vijana, na mimi ningeziamini zaidi, isipokuwa kwa kijana mnene sana ambaye mikunjo yake haishikiki vizuri. DXA, yaani eksirei ya kiwango kidogo, ni bora kuliko vyote viwili, ingawa ni ghali na nayo ina makadirio yake kuhusu maji. Kwa kufuatilia mabadiliko, tumia kifaa kilekile, asubuhi, kabla ya kula.