Picha za mahafali: saa 7 mchana au saa 12 jioni?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mdogo wangu wa kike anahitimu shahada ya kwanza hapa Dar es Salaam wiki ya mwisho ya Novemba. Sherehe inaanza saa 3 asubuhi, tunategemea kutoka ukumbini kama saa 7 mchana. Wazazi wanakuja kutoka Songea, na baba ana miaka 74, hatuwezi kumzungusha sana. Mpiga picha wa kwanza tuliyeongea naye anataka atupige papo hapo nje ya ukumbi tukitoka. Wa pili anasema tusubiri saa 12 jioni, eti huo ndio mwanga wa dhahabu. Picha za kaka yetu, miaka 3 iliyopita, zilipigwa mchana na macho yake hayaonekani kabisa, ni mashimo mawili meusi. Joho tunalichukua siku mbili kabla ya sherehe na kulirudisha siku moja baada ya sherehe. Tupige saa ngapi?

JIBU: Dada, hongereni sana, na mpe pongezi zangu mhitimu. Kwa ufupi: picha zake za peke yake zipigwe siku moja kabla ya sherehe, asubuhi, kuanzia saa 1 hadi saa 2. Picha za familia zipigwe siku yenyewe mkitoka ukumbini, lakini kivulini. Saa 12 jioni ya huyo wa pili mmeshachelewa, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na macho ya kaka yenu. Mwishoni mwa Novemba, saa 7 mchana hapa Dar, jua liko nyuzi kama 72 kutoka upeo wa macho, yaani karibu kabisa na utosi. Mtu wa sentimita 165 akisimama juani saa hiyo, kivuli chake kinafika nusu mita tu. Mwanga unamwangukia kutoka juu kama maji ya bomba la kuogea: unapiga paji la uso, ncha ya pua na mashavu, na matundu ya macho yanabaki gizani. Ukimwangalia kwa macho yako humuoni hivyo, kwa sababu jicho la binadamu linajirekebisha kila linapohama kutoka penye mwanga kwenda penye kivuli. Kamera haina uwezo huo. Inachagua kiasi kimoja cha mwanga kwa picha nzima, basi ama pua iungue iwe nyeupe, ama macho yazame.

Halafu mvishe mtu huyo kofia ya mahafali. Ile kofia ya mraba ni paa, na ncha yake inatangulia mbele ya paji la uso. Jua likiwa juu, kivuli cha kofia kinashuka mpaka puani, na wengine mpaka mdomoni. Kwa hiyo ushauri wa kawaida wa picha za harusi au za kuzaliwa hautoshi kwa mahafali. Bibi harusi anaweza kusimama kwenye jua la saa 3 asubuhi akatoka vizuri. Mhitimu mwenye kofia, jua hilohilo linamfunika nusu ya uso.

Sasa kuhusu mwanga wa dhahabu. Ni kweli kwamba jua likiwa chini, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi, unapoteza ubluu na kubaki na rangi ya asali, tena unaingia chini ya kofia na kufika machoni. Ngozi ya kahawia inaupenda mno mwanga huu. Shida ni kwamba maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na huko jua halizami kama la kwetu. London mwezi Juni jua linateremka kwa mshazari, taratibu, na kutoka nyuzi 10 hadi kuzama linatumia zaidi ya saa nzima. Kwetu, karibu na ikweta, linashuka karibu wima. Safari hiyohiyo linaimaliza kwa kama dakika 43. Ndiyo maana mtu aliyesoma mwongozo wa huko akaja kuutumia Mlimani au Kigamboni, anajikuta bado anapanga watu na giza limeingia.

Weka hesabu hiyo kwenye siku yenu. Wiki ya mwisho ya Novemba jua la Dar linazama kama saa 12 na dakika 24 jioni. Mkianza saa 12 kamili, jua limebakiza nyuzi 5 hivi tu, na hapo ni kama hakuna wingu wala jengo upande wa magharibi. Kuna foleni, kuna mama anayetafuta pini ya mtandio, kuna shangazi amebaki kwenye gari. Mwanga mliousubiri mchana kutwa unaisha kabla mhitimu hajapigwa picha 10. Na likishazama, joho jeusi linamezwa na giza la nyuma. Bila flashi unabaki na uso unaoelea.

Mimi huwa naangalia kivuli kabla ya saa. Simama juani, pima kivuli chako kwa hatua. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua limepita nyuzi 45; usimpige mhitimu mwenye kofia kwenye jua la wazi. Kikiwa na urefu wako mara mbili au zaidi, mwanga umeanza kuingia chini ya kofia, na hapo ndipo kazi nzuri inapoanza. Kwa Dar mwishoni mwa Novemba, vivuli ni vifupi kuliko watu kuanzia kama saa 3 na robo asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Kivuli cha mara mbili unakipata kabla ya saa 2 asubuhi na baada ya saa 10 na nusu jioni. Wasomaji wa Mwanza waongeze kama dakika 25 kwenye saa hizi, maana jua linawafikia baadaye ingawa saa zetu za ukutani ni zilezile. Wa Dodoma waongeze kama robo saa. Na wanaohitimu Oktoba wajue kwamba karibu na tarehe 10 ya mwezi huo jua la adhuhuri linapita utosini kabisa hapa Dar. Huo ndio mchana mgumu kuliko yote.

Ukiniuliza kati ya asubuhi na jioni, nachagua asubuhi bila kusita. Jioni ina rangi nzuri zaidi, nakubali, kwa sababu ya vumbi na moshi wa siku nzima. Lakini asubuhi joho limetoka kupigwa pasi, nywele na vipodozi havijaguswa na jasho, na wanafunzi wengine hawajajaa nyuma yako. Novemba ya Dar ni joto na unyevu, na joho jeusi linakusanya joto kuliko nguo yoyote atakayowahi kuvaa. Baada ya dakika 20 juani paji la uso linang'aa, na mng'ao huo kwenye ngozi yetu unatoka kama doa jeupe ambalo si rahisi kuliondoa vizuri kwa programu. Tena Novemba ni msimu wa vuli. Mkipanga asubuhi ya siku moja kabla na mvua ikanyesha, mna jioni ya akiba. Mkipanga jioni ya siku yenyewe, hamna akiba yoyote.

Najua wapo wazazi wanaoona kuvaa joho kabla ya kutunukiwa ni kujitafutia mkosi. Kama mama ni mmoja wao, msibishane naye. Pigeni asubuhi ya siku inayofuata, halafu mhitimu akitoka hapo alirudishe joho. Mwanga ni uleule.

Siku hiyo ya asubuhi jua linachomoza kama saa 12 kasoro dakika 4. Fikeni saa 12 na nusu, msije saa 1 kamili. Mwambie mpiga picha aanze na picha za karibu za uso wakati mwanga ni laini, kisha za mwili mzima, na za kurusha kofia ziwe mwisho, maana baada ya kurusha mara tatu kofia inachafuka na kishada chake, zile nyuzi zinazoning'inia, kinajisokota. Kofia isibonyezwe mpaka kwenye nyusi: isogezwe nyuma kiasi cha vidole viwili, huku ubao wake ukibaki sambamba na ardhi. Mhitimu asilikodolee jua. Ageuze mwili wote kando kidogo, kisha arudishe uso upande wa mwanga, ili shavu moja liwe na mwanga zaidi ya jingine. Hapo sura inapata umbo.

Mahali pa kupigia mkapaangalie mapema, saa ileile mtakayopiga. Ukuta mzuri wa saa 11 jioni unaweza kuwa gizani saa 1 asubuhi, kwa kuwa umeelekea magharibi. Wengi wanapenda Ukumbi wa Nkrumah pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ule uliokuwa kwenye noti ya shilingi 500, na wana haki ya kuupenda. Lakini lizungukeni jengo kwanza, mtafute upande wenye mwanga badala ya kung'ang'ania upande uliozoeleka. Kama mtapata mkrismasi uliochanua, simamisheni mhitimu mbele yake kwa umbali wa hatua sita au saba. Maua mekundu yenye ukungu nyuma ya joho jeusi yananifurahisha kila mwaka.

Kwenye kamera au simu kuna mtego mmoja wa joho. Kamera ikiona nguo nyeusi imejaa kwenye fremu, inadhani ni giza na kuongeza mwanga, basi uso unapauka. Ikiona anga jeupe nyuma, inafanya kinyume, na uso unakuwa mweusi tii. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo, ushikilie mpaka kipimo kijifunge, kisha telezesha kidole chini kidogo mpaka ngozi irudi kwenye rangi yake halisi. Mwenye kamera kubwa apime mwanga usoni, si kwenye joho. Simu zenye uwezo wa kutia ukungu nyuma ya mtu mara nyingi zinakata nyuzi za kishada, kwa hiyo pigeni pia picha chache bila ukungu huo.

Sasa saa 7 mchana, na wazazi. Picha hizi haziahirishwi. Machozi ya mama ni ya saa ileile, na baba hawezi kusubiri mpaka jioni. Mpiga picha wa kwanza yuko sahihi kuhusu muda, akubali tu kuhama mahali. Tafuteni kibaraza chenye paa, au upande wa jengo wenye kivuli kipana. Simameni hatua moja au mbili ndani ya mstari wa kivuli, wote mkitazama nje kwenye uwazi. Mwanga wa anga unaingia kutoka mbele, si utosini, na macho yanafunguka. Msisimame chini ya mwembe wenye matundu, maana madoa ya jua kwenye nyuso hayatoki, na majani yanarudisha ukijani kwenye ngozi. Sakafu ya saruji nyeupe au marumaru mbele yenu ni msaada mkubwa: inarudisha mwanga juu, chini ya kofia. Kama ardhi ni nyasi au lami, watu wawili washike shuka jeupe kiunoni, pembeni ya kamera, na utaona tofauti kabla hata picha haijapigwa. Kukiwa na wingu jepesi, toeni shukrani na mpige popote, mhitimu akiinua kidevu kidogo.

Baba akiwa anavaa miwani inayogeuka nyeusi nje, fahamuni kwamba inageuka hata kivulini, na ikishakolea inachukua dakika kadhaa kurudi. Abaki ndani akiwa amekaa, kila mtu apangwe kwanza, nafasi yake ya katikati iachwe wazi, kisha aitwe wa mwisho na picha zipigwe mara anaposimama.