Maswali na majibu: Krambo ya matunda na adui yake, maji

Msimu wa maembe ukikaribia, maswali ya krambo huja kwa fungu. Nimechagua machache. Mengi ya yaliyobaki yanajibiwa na jibu la kwanza hapa chini, kwa hiyo lisome mpaka mwisho kabla hujaniandikia tena.

Kwa mgeni: krambo ni matunda yaliyookwa chini ya chenga za unga, siagi na sukari. Vipimo vyangu ni vya bakuli la kuokea la lita 2. Kilo 1 ya matunda yaliyomenywa na kukatwa. Juu yake gramu 200 za unga wa ngano wa kawaida, gramu 100 za siagi, gramu 100 za sukari na chumvi robo kijiko cha chai. Oveni nyuzi 180, dakika 40 hadi 45. Kama oveni yako ina feni, nyuzi 160.

Shikamoo. Krambo yangu ya maembe kila mara juu hutoka laini, kama mkate uliotiwa chai. Nimefuata vipimo vyako vyote, isipokuwa nilitumia majarini kwa sababu siagi ni ghali. Maembe yalikuwa dodo, yameiva vizuri sana. (Mama wa watatu, Temeke)

Marahaba, mama. Hukufuata vipimo vyangu vyote. Umetia maji mara mbili bila kujua, na huenda mara tatu.

Maji ya kwanza yamo kwenye hiyo majarini. Siagi ina mafuta asilimia 80 au zaidi. Majarini laini za kupaka mkate nyingi hazifiki hapo, na pengo hilo limejazwa maji. Geuza kopo usome. Maji yakikutana na unga kabla mafuta hayajaufunika, unapata donge, na donge likiokwa huwa mkate. Kama siagi haipatikani, tumia mafuta magumu ya kupikia, gramu 80 badala ya 100 kwa kuwa hayo ni mafuta matupu, na uongeze chumvi kidogo. Ladha itapungua. Ukavu hautapungua.

Maji ya pili ni ya embe lenyewe. Embe linalobonyea kwa kidole ni la juisi. La krambo liwe limeiva lakini bado linakaza, na boribo linafaa zaidi maana nyuzi zake ni chache. Kata vipande vya sentimita 2, changanya na gramu 50 za sukari na maji ya ndimu moja, weka kwenye chujio juu ya bakuli kwa nusu saa. Yale yatakayotona usiyamwage. Yachemshe mpaka yabaki nusu, yaache yapoe, kisha koroga humo konfulawa (wanga wa mahindi) kijiko kimoja na nusu cha chakula na urudishe kwenye maembe.

Konfulawa haishiki mpaka ichemke. Ndiyo maana ninyi mnaotoa krambo mara tu juu kunapopendeza rangi mnakuta mchuzi chini. Subiri uone mapovu mazito yanapasuka polepole pembeni, halafu yatokee na katikati.

Maji ya tatu ni mvuke. Matunda yakichemka, mvuke lazima upite kwenye chenga utoke. Ukizibana chenga kwa kiganja au mgongo wa kijiko, umeufungia mlango, nao utazilowesha kwa chini. Nyunyiza tu, uache.

Na hali ya hewa ya Dar hairuhusu kuchezea siagi. Huanza kulainika mapema na kwenye nyuzi 32 hivi tayari inayeyuka, joto ambalo jiko lako linalifikia kabla ya saa sita mchana. Ikate vipande vidogo, iweke kwenye friza dakika 15, kisha isugue kwenye unga kwa ncha za vidole, si kwa viganja. Ukiona chenga kama za mahindi, na nyingine kubwa kiasi cha karanga, acha. Tia sukari mwishoni, rudisha bakuli kwenye friza wakati unashughulikia matunda.

Konfulawa imeisha. Nitie sembe? (Kijana anayejifunza, Mwanza)

Hapana. Majina ndiyo yanayowachanganya. Konfulawa ni wanga mtupu uliotolewa kwenye punje; sembe ni punje iliyokobolewa na kusagwa, na itakuachia mchanga mdomoni. Tumia unga wa ngano, vijiko vitatu vya chakula.

Tafadhali tupe vipimo kwa vikombe, si wote tuna mizani. (Wasomaji wengi mno)

Kikombe kipi? Cha chai, cha kahawa, au cha kupimia cha mililita 250? Hata hicho cha kupimia, unga ukimiminwa taratibu kwa kijiko huwa gramu 125 hivi, na ukichotwa kwa kubinya unafika 160. Mmoja anapata chenga, mwenzake anapata vumbi, halafu wote wawili wanaandika kwangu. Nunueni mizani.

Nilisoma mapishi ya krambo ya matufaha, nikanunua matufaa mekundu hapa sokoni Unguja. Imekuwa maji matupu, ladha hakuna. (Bi harusi mpya)

Pole, dada, hili kosa ni la lugha. Tofaa la pwani na tufaha la mapishi ya Kizungu ni matunda mawili tofauti kabisa. La Unguja ni jamaa wa karibu wa mkarafuu, na nyama yake ni nyepesi, imejaa maji. Ni tunda la kula bichi likiwa baridi. Unalolitaka ni lile ambalo wengi huliita epo, na katika hayo chukua ya kijani yenye ukali, si mekundu matamu. Menya, kata vipande vya nusu sentimita, sukari gramu 60, mdalasini kijiko kimoja cha chai. Juisi yake ni kidogo, konfulawa kijiko kimoja kinatosha.

Na kama krambo si lazima iwe ya epo, plamu za Lushoto zikiwa sokoni ni bora kuliko epo iliyosafiri miezi kwenye baridi. Toa kokwa, usimenye.

Nipo Reading, Uingereza. Natumia tufaha aina ya Bramley na yote yanasagika kuwa rojo. Nakosea wapi? (Kaka wa ughaibuni)

Hukosei, kaka. Bramley ndivyo lilivyo. Mche wake wa kwanza ulioteshwa kwa mbegu huko Southwell, Nottinghamshire, mwaka 1809, na Waingereza wanalipenda kwa sababu hiyohiyo: lina asidi nyingi na likipata moto hufumuka kuwa povu laini. Ukitaka vipande vionekane, changanya nusu kwa nusu na tufaha la kula, Cox au Braeburn, hilo la kula ukilikata vipande vikubwa zaidi.

Kwa kuwa uko huko, nikukumbushe na wengine wasikie. Krambo ilishamiri Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, siagi na sukari zilipoanza kugawiwa kwa kadi Januari 1940. Chenga zilikula unga na mafuta machache kuliko ganda la pai. Ni chakula cha kubana matumizi. Kila wiki kuna anayeniuliza kama aongeze chokoleti, karameli na maziwa ya kopo juu ya embe ambalo tayari ni tamu. Ukifanya hivyo usiite krambo, na usiniulize kwa nini imeelea kwenye mafuta.

Sina oveni. Jiko la mkaa litafaa? (Msomaji, Tanga)

Litafaa, ila si kwa njia unayoifikiria. Moto juu na chini wa mkate wa kumimina unaujua. Shida ni kwamba chini ya mfuniko mvuke wa matunda hauna pa kwenda, na chenga mbichi zitapikwa kwa mvuke badala ya kuokwa. Kwa hiyo gawa kazi.

Pika matunda kwanza kwenye sufuria wazi, pamoja na sukari na konfulawa iliyokorogwa kwa maji kidogo, mpaka yachemke na kushika. Kando yake, kaanga chenga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza kwa mwiko bila kuzisaga, dakika 8 hadi 10, mpaka zinukie na kuanza kuwa kahawia. Sasa tandaza mchanga safi mkavu, kina cha sentimita 2, ndani ya sufuria kubwa, uupashe moto dakika 15. Weka bakuli la matunda juu ya mchanga, nyunyiza chenga, funika kwa mfuniko bapa wenye makaa. Makaa mengi juu, machache chini. Dakika 12 hadi 15 zinatosha kwa kuwa kila kitu kimeshaiva. Kila dakika 5 funua kwa uangalifu, mvuke utoke na majivu yasidondoke.

Bakuli liwe la enameli au la udongo. Matunda makali kwenye sufuria tupu ya alumini hubadilika rangi na kushika ladha ya chuma. Na usipikie ndani kwa sababu mvua inanyesha: moshi wa mkaa usioonekana, ule usio na harufu, unaua watu waliolala chumba cha pili.

Oveni yangu ya gesi huunguza chini, juu kumebaki kweupe. (Nakuru)

Moto wake unatoka chini tu. Washa dakika 20 kabla, tumia rafu ya juu, weka sinia tupu kwenye rafu ya chini likinge moto na juisi itakayofurika. Mwishoni washa moto wa juu, kama unao, dakika 2, ukiwa umesimama hapohapo. Dakika ya tatu ndiyo inayounguza.

Krambo ya nanasi nilikula na kastadi, kesho yake kastadi imekuwa chungu na majimaji. (Mwalimu, Bagamoyo)

Kuna nanasi bichi limegusa kastadi, mwalimu, labda vile vipande vya mapambo. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa na mayai. Moto unakiua, hivyo nanasi lililookwa halina neno. Pamba kwa kitu kingine, au acha kupamba. Na moyo wa nanasi toa, haulainiki. Tangawizi mbichi iliyoparwa, kijiko kimoja cha chai, inalifaa nanasi kuliko mdalasini.

Nipo Muscat. Nataka kuiandaa asubuhi niioke karibu na futari. Je, naweza kutia tende? (Bi wa Muscat)

Andaa, lakini usiunganishe. Matunda friji, chenga friza kwenye mfuko. Ukizikalisha chenga juu ya matunda yenye sukari tangu asubuhi, hadi magharibi zimeshanyonya juisi. Chenga zinakaa kwenye friza hata miezi mitatu, na zinyunyizwe zikiwa zimeganda hivyohivyo, usizisubiri zilainike.

Tende tia, gramu 100 zilizokatwakatwa, lakini zichanganye na matunda. Huko zinafyonza juisi na kukusaidia kazi. Zikikaa juu zitaungua kabla unga haujaiva. Punguza sukari ya matunda mpaka gramu 20.

Hukuliuliza hili, ila umeandika kwamba bakuli lako ni la kioo: usilitoe kwenye friji na kulitia moja kwa moja kwenye oveni ya moto. Litapasuka, na futari yote itakuwa na vigae. Litoe saa nzima kabla.

Korosho niziweke mbichi au zilizokaangwa? (Mtwara)

Mbichi, gramu 60, zimekatwa vipande vinene. Zilizokaangwa zitakuwa nyeusi.

Na nazi?

Kavu. Nazi mbichi iliyokunwa ni maji tena, labda uikaange kwanza mpaka iwe kahawia.

Ndizi?

Mzuzu ulioiva, si ndizi za kula mezani. Hizo hugeuka gundi.

Nikipasha kiporo kwenye maikrowevu chenga zinakuwa mpira. Nifanyeje? (Kampala)

Usipashe kwenye maikrowevu. Oveni nyuzi 170, bila kufunika, dakika 15. Kama huna subira hiyo, uile ikiwa baridi. Siku tatu kwenye friji, zaidi ya hapo itupe.