Akiba ya dagaa inayeyukia njiani

Dada yangu, umesema kila asubuhi unaapa kuweka shilingi 3,000 kutokana na dagaa unaouza soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kila jioni unafika nyumbani Igoma mikono mitupu. Usijiite mzembe. Nia unayo, hujaipangia saa wala mahali.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer amelichunguza jambo hili miaka mingi. Mwaka 2006, yeye na Paschal Sheeran walijumlisha matokeo ya majaribio 94: anayefunga lengo lake kwenye tukio, "ikitokea hivi, nitafanya vile", hulifikia zaidi kuliko mwenye nia tupu. Uamuzi unakuwa umeshafanyika, tukio lenyewe ndilo linakukumbusha.

Pesa yako inakuponyokea stendi ya daladala, kwenye vitenge, umeeleza mwenyewe. Basi andika mpango huu kwa mkono wako: "Nikishafunga gunia la mwisho, kabla sijavua aproni, nitatuma 3,000 kwenye akiba ya simu." Kabla ya kuvua, dada, si ukishaingia kwenye gari.

Halafu fikiria mbalamwezi. Taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, mzigo unapungua, nawe unaacha akiba kabisa na kuirudia inakuwa shida. Hapo ndipo wengi tunaangukia. Weka na mpango huu wa pili: "Mwezi ukiwa mpevu na mzigo ukiwa mdogo, nitatuma 500."

Miwili inatosha kwa sasa. Anza kesho, na wiki ikiisha niambie umekwama wapi tuurekebishe.