Maswali Yenu: Alama za SAT na safari yake hadi chuoni

Nimefanya SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani) Oktoba, nikalipia alama zangu zipelekwe vyuo vitatu Marekani. Wiki tatu sasa. Viwili vimezipokea, cha tatu ukurasa wangu wa mwombaji bado unaandika hazijafika. College Board, wenye mtihani huo, wanasema walishazituma. Nilipe tena?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Dar es Salaam*

Usilipe tena. Kwa kawaida alama za namna hii zimeshafika, ila hazijapata faili la kukaa. College Board huzituma kwa kompyuta, na chuo hutafuta mwombaji mwenye jina lile lile na tarehe ile ile ya kuzaliwa. Yasipolingana, alama hubaki pembeni mpaka mtu wa ofisi ya udahili azioanishe kwa mkono.

Kwetu chanzo kikubwa ni majina matatu. Tuseme pasipoti inasema Neema Juma Mrisho. Alipojiandikisha SAT, kwenye jina la ukoo akaweka Juma, kwa kuwa shuleni wanamwita Neema Juma. Kwenye Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, akaweka Mrisho. Kwa kompyuta ya chuo, hao ni wasichana wawili. Fuata pasipoti kila mahali, herufi kwa herufi.

Chanzo cha pili ni tarehe. Wamarekani huanza na mwezi: aliyezaliwa 5 Novemba huandika 11/05. Ukiandika 05/11 umejizalisha tarehe 11 Mei. Waliozaliwa tarehe 13 na kuendelea wana bahati, maana hakuna mwezi wa 13 na kosa hugundulika hapo hapo. Hatari iko kwa waliozaliwa kati ya tarehe 1 na 12.

Kisha kagua namba ya chuo, ile ya tarakimu nne. Harvard ni 3434, MIT ni 3514. Usichague kwa jina peke yake: Miami University iko Ohio, University of Miami iko Florida, na alama zilizokwenda kwa jirani hazirudi.

Ukishakagua hayo, iandikie ofisi ya udahili baruapepe moja fupi. Weka jina kama lilivyo kwenye maombi na kama lilivyo kwenye SAT, tarehe ya kuzaliwa ukiandika mwezi kwa maneno, namba yako ya mwombaji, namba ya usajili wa SAT, siku uliyofanya mtihani na siku alama zilipotumwa. Picha ya skrini ya alama haihesabiki kama matokeo rasmi. Kama kosa la jina liko College Board, waombe wao walirekebishe. Usifungue akaunti mpya, kwa sababu alama zako zitagawanyika kwenye akaunti mbili na utakuwa umejiongezea tatizo jingine.

Binti yangu anaomba vyuo tisa. Kutuma alama ni takriban dola 15 kwa kila chuo. Hakuna njia ya kupunguza?
*Mzazi, Mombasa*

Ipo, mama, na inasikitisha kwamba wazazi wengi huisikia wakiwa wameshalipa. Vyuo vingi, MIT na Yale vikiwemo, vinakubali mwombaji ajaze alama mwenyewe kwenye fomu. Zile rasmi hudaiwa akishakubaliwa na kuamua kwenda. Kwa hiyo kati ya tisa huenda ukalipia kimoja tu. Soma ukurasa wa udahili wa kila chuo, sehemu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ufuate hicho kilichoandikwa. Binti ajaze namba kama zilivyo: zikitofautiana na rasmi, chuo kinaweza kufuta nafasi yake.

Vyuo vya University of California havitazami SAT kabisa katika kuamua nani aingie. Huko usitume senti.

Kila anayefanya SAT hupewa nafasi nne za kutuma bure, mwisho siku 9 baada ya mtihani. Kasoro yake ni kwamba unachagua vyuo kabla hujaona umepata ngapi. Tungezitumia kwa vyuo vinavyodai alama rasmi tangu mwanzo, na kwa hivyo tu. Msamaha wa ada usiutegemee. Umewekwa kwa wanafunzi walioko Marekani na raia wake walioko nje. Ukifika wakati wa kulipa na huna kadi ya benki, kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay ya Safaricom inaweza kukufaa, ila acha salio la ziada kwa ajili ya ubadilishaji wa dola.

Nimefanya SAT mara mbili. Mara ya kwanza Hisabati 720 na Kusoma na Kuandika 610. Mara ya pili 680 na 670. Nitume ipi?
*Kijana, Nairobi*

Zote mbili, kama chuo huchukua alama bora ya kila sehemu. Peke yake, mtihani wa kwanza ni 1330 na wa pili 1350. Zikiunganishwa, 720 na 670, unasimama na 1390. College Board hukuruhusu kuchagua tarehe za kutuma, lakini huwezi kukata Hisabati ya siku moja ukaacha Kusoma na Kuandika ya siku hiyo hiyo. Vipo vyuo vinavyodai kuona kila mtihani uliofanya, Georgetown kikiwa mfano unaojulikana. Huko usifiche.

TOEFL nayo hutumwa pamoja na SAT?
*Msomaji, Bujumbura*

Hapana. TOEFL, mtihani wa Kiingereza, ni ya shirika jingine, ETS, ina akaunti yake na ada yake, na alama zake hudumu miaka 2. Kabla ya mtihani, chagua vyuo vinne vya kutumiwa alama bure. Kama vyuo vyako vinakubali mtihani wa Kiingereza wa Duolingo, huo hutumwa kwa vyuo vyovyote bila malipo ya ziada.